Jezi Namba Kumi na Tisa

Mashine ya kufulia ya Sekondari ya Odell Creek
ina mguu mmoja mfupi na ugomvi na sakafu.
Ikifika kukamua, hutembea.
Nimeiwekea ubao chini, kipande cha kiti cha jukwaani,
mtu alichonga kwa kisu: LADISLAV NA
na nani, kisu hakikumaliza.

Hapa Nebraska wachezaji wetu huitwa Nyegere.
Nilipofika niliuliza kama huyu wa kwao hula asali.
Kocha Brandvold alidhani namtania.
"Huyu wetu hula panya," akasema, "na shimo huchimba mwenyewe."
Haya. Nyegere asiye na mzinga.

Juu, ukumbini, kuna kabati la vioo.
Kombe la 1938, wasichana, mpira wa kikapu:
soksi za sufu, mikono kifuani, hakuna anayecheka.
Kombe la 1957, mbio za nyika.
Kombe la 1972, shingo imelegea.
Kisha nafasi tupu, ndefu, iliyopanguswa vumbi kila Ijumaa
kama kiti cha mgeni aliyesema yuko njiani.

Hiyo ni historia ya wapita njia.
Nyingine imo kapuni mwangu.
Mimi najua nani aliangukia ubavu gani,
nani alifuta machozi kwa ukosi akasingizia jasho.
Namjua na yule aliyekaa benchi msimu mzima:
jezi yake hurudi ikinuka sabuni yangu ya wiki iliyopita.
Huifua tena, huikunja tena,
asije akajua kwamba najua.

Namba kumi na tisa haivaliwi.
Niliikuta chini ya droo, imekunjwa ndani nje.
Bi Zdenka wa maktaba alifunga mlango kwanza ndipo akanieleza:
fainali ya mwaka sitini na tisa, ule mpira wao wa umbo la yai,
ukungu, matope, dakika za mwisho,
Verlin Soukup akaudaka akakimbia yadi sitini,
mbio ambazo mji huu haujaziona tena,
akishangiliwa kwa nguvu zote
na upande usio wake.

Alikuwa na miaka kumi na saba.
Sasa ana sabini na ushei, anauza rangi za nyumba,
na mpaka leo akiagiza ndoo mbili
yupo wa kumuuliza, "Una hakika na upande wa kupaka?"
Hucheka. Huandika risiti.
Hajakosa mechi hata moja. Husimama kwenye uzio,
pembe ileile alikoishia.

Mwakani hatupo. Wanafunzi wamebaki tisini,
tunaunganishwa na Hadley, mahasimu wa miaka themanini,
na wote tutaitwa Radi.
Kamati ilikaa jioni tatu kulichagua jina hilo.
Kuhusu kabati haikusema kitu.

Kabla ya mechi ya mwisho nilizipanga jezi mezani
na kumi na tisa nikaiweka katikati yao. Sikumwuliza mtu.
Vijana wakairuka mmoja mmoja
kama dimbwi.
Tobin Kratz, yule wa jezi ya sabuni,
alifika wa mwisho, kama kawaida yake.
Akaitazama. Akanitazama.
Akaivaa.

Tulifungwa thelathini na nne kwa sita.
Zikisalia dakika nne kocha akamwita Tobin,
na alipopita karibu na uzio mzee akainua mkono,
akanyoosha kidole, sauti imemkauka:
"Kijana. Lango lako ni lile kule."
Jukwaa zima likacheka. Verlin naye akacheka,
safari hii yeye wa kwanza.

Tobin aligusa mpira mara moja.
Alikwenda hatua tano, za upande unaotakiwa,
wakamwangukia watatu.

Usiku nimeimimina kapu.
Hii hapa: majani begani, tope mpaka namba,
tone la damu, labda lake.
Mashine inanguruma, ubao wa Ladislav unalia chini.
Nimeweka zote.
Hii sikuiweka.