Kizingiti

Bombo, chumba cha nyuma, saa tatu usiku.
Umeme umerudi tangu magharibi na sina imani nao,
naandika haraka.
Kosa liko mstari wa kumi na saba,
mashine inausingizia wa kumi na nane.

Mezani, kawa la shangazi Kaltuma,
ukindu mwekundu, mweusi, na zambarau ya harusi.
Ndani ya msuko nimepitisha uzi wa shaba
niliouchuna kwenye mota ya feni iliyokufa.
Ukigusa nyekundu, ukuta uwake nyekundu.
Ukigusa katikati, maduara yafunguke
kama beseni lililodondokewa na tone.
Hilo tu. Miezi minne, hilo tu.

Wiki ya kwanza niliwasha taa moja, ndogo kama punje,
nikapiga kelele, jirani akaja na fimbo, akidhani nyoka.
Wiki ya sita nikajifunza kitanzi:
rudia, rudia, mpaka uambiwe acha.
Nikasahau kuiambia acha.
Ukuta ukapepesa hadi alfajiri.

Leo nimeita watu.
Rihana anagusa: nyekundu.
Watoto wa Rajab, vidole vimejaa sukari ya mandazi,
wanamwaga rangi mpaka darini.
Shangazi anagusa.
Ukuta kimya.
Anabonyeza tena, anakitazama kidole
kana kwamba kimemwaibisha mbele ya wageni.

Miaka arobaini ya kuvuta ukindu
imejenga sugu, na sugu halipitishi kitu.
Mkono uliolisuka kawa
ndio pekee ambao kawa halikuutambua.

Narudi kwenye mistari, natafuta neno moja: kizingiti.
Nilikiweka mia sita, kwa kupima kidole changu,
kidole laini cha kupapasa simu.
Nimeezeka nyumba, nikainua kizingiti,
mwenye nyumba akajikwaa mlangoni.

Mia nne. Kimya.
Mia mbili. Ukuta unaweweseka wenyewe, hakuna aliyeugusa.
Mia mbili na arobaini.
Shangazi, jaribu.
"Naosha vyombo."

Anakuja mikono ikichuruzika,
anaweka kiganja kizima,
na zambarau inapanda, inapita dirisha,
inampaka Rihana usoni.

"Kumbe lilikuwa na kiu," anasema,
anarudi kwenye sufuria zake.

Sijui kama ni hesabu yangu au maji yake.
Kesho nitamwita tena,
mikono ikiwa mikavu.