Kifungu cha Tisa

Nilitia saini juu ya kopo la samli.
Karatasi ikapata doa, tajiri akacheka:
"Mambo ya ofisi tu, Shaame."

Nimeacha kazi. Doa lipo, na chini yake:
asipike halua, asiuze, asimfundishe mtu,
Wete mpaka Chake, miaka miwili.

Wakili alivua miwani.
"Kifungu kipana hivi hakina meno.
Ila mpaka hakimu akifunue mdomo auone ufizi,
ni miezi kumi, na nauli juu yako."

Basi nauza mkaa.
Mwiko wa kusongea nimeurudisha,
nikabaki na mwiko wa karatasi.
Mkono sikujua niurudishe vipi:
usiku unazunguka juu ya shuka,
unasubiri wanga ushike,
hata mke wangu ausukume kando,
"Imeshaiva, epua."

Mkesha wa Iddi nikafunga madirisha,
nikapika ratili moja ya wanangu.
Hiliki ikapita chini ya mlango,
ikashuka Limbani nyumba kwa nyumba.
Yenyewe haikutia saini popote.

Asubuhi, mtoto wa tajiri mlangoni,
sahani tupu mkononi.
Sijui katumwa kuonja
au kushuhudia.