Ukurasa wa 113

Juni, Makambako. Baridi imeng'ata hadi mabati ya stendi.
Mama Mlowe ananifungia maandazi manne
kwa karatasi ya kitabu cha historia,
kilichotupwa na shule, akakinunua kwa kilo.

Nakula, nasoma.
Upande huu Watanguti, watu wa ngamia na mchanga,
na herufi walizojitungia wenyewe,
zimesongamana kama ua wa miiba.
Geuza: Wajurcheni, wana wa misitu ya theluji,
wamekalia miji ya Wachina na viti vyake.
Miaka themanini na ushei walipeana salamu.
Siku Mmongoli alipomzingira Mtanguti,
yowe likapigwa.
Mjurcheni alilisikia. Akakomea mlango.

Basi Mtanguti, alipopata kupumua,
hakumfuata aliyempiga.
Alimfuata jirani.
Ngome ikatwaliwa, ikarudishwa, ikatwaliwa,
miaka kumi hivi, kwa farasi na mtama
na wanaume ambao kitabu hakikuwataja.

Mafuta yamelowa karatasi.
Nikiinua juani, falme mbili zinasomeka pamoja,
mstari wa huyu umepanda juu ya mstari wa yule,
sijui tena nani kachoma ghala la nani.

Bibi yangu Twilumba alikuwa Mbena,
wa kijiji cha katikati.
Wahehe walipita kwenda kusini, Wangoni wakaja kaskazini,
na wote, alisema, walikuwa na njaa ileile.
Watu husema ziumiazo ni nyasi.
Bibi hakutaja nyasi. Alitaja ng'ombe saba, kwa rangi zao,
na shangazi yake aliyekwenda kuteka maji.
Kisha wakubwa wakachoka, wakaapa kuacha.
Kumi haikutimia, mgeni akafika na mizinga,
akawakuta wote wawili wanahema.

Chini kabisa, chini ya sukari iliyoganda:
"Mwaka 1225 wakapatana, wakaitana kaka na mdogo.
Lakini huko nyikani"

Imeishia hapo.

"Mama, ukurasa unaofuata?"
"Huo kaondoka nao dereva wa mbao, wa Songea."
"Na uliotangulia?"
"Iringa. Basi la saa kumi na mbili."
Anageuza maandazi, haoni cha kushangaza.

Nakunja changu, natia mfukoni, kinanilowesha paja.
Basi langu halijafika.
Huko kwenye lami, mbali, kitu kinatimua ukungu,
nami nimesimama na gunia langu la mbegu za viazi,
najaribu kuhesabu taa.