Spana Haifiki Hapa

Kadutu nzima inanijua kwa mfuko wangu wa spana.
Bomba likipasuka usiku Nyamugo, hunigongea dirisha.
Naweka sikio ukutani
na kujua maji yamekwama wapi, yanavuja wapi,
nani ameyaiba.

Bomba nisiloweza kuligusa limo ndani ya binti yangu.
Linaanzia nyuma ya sikio la kulia,
linashuka shingoni kama mshipa wa pili,
linapita kifuani, linaingia tumboni,
na huko maji ya kichwa humwagika, mwili ukayanywa.
"Ina valvu?" nilimwuliza daktari.
"Ina valvu, papa."
"Na ikiziba?"
Hakujibu haraka. Ndipo nikamwamini.

Kichwa maji: tusi tulilorushiana shuleni,
leo limeandikwa kwa wino kwenye fishi ya Nsimire.

Mke wangu Cibalonza anashona.
Utepe anaopimia viuno vya maharusi
aliuzungusha kichwani mwa mtoto kila Jumapili
na kuandika katika daftari la wateja,
kati ya gauni la M'Lwaboshi na sare za kwaya:
arobaini na tano.
Arobaini na tano.
Arobaini na tano na nusu.
Ile nusu hatukuitamka.

Jumatano akatapika uji, kisha maji, kisha sauti tupu.
Mboni zikazama chini ya kope
kama ndoo iliyokatika kamba.
Pikipiki moja, sisi watatu nyuma ya dereva,
mvua, tope la Essence, na yeye kimya.
Kimya chake ndicho kilichonitisha.

Walipofungua walikuta nyama laini
imejisokota mdomoni mwa mpira,
vile mizizi ya mikaratusi inavyoingia mabomba ya Muhungu.
Mizizi ninaijua. Huwa haina ubaya wowote.
Inatafuta maji tu.

Mpira wa pili ulikaa siku thelathini na moja.
Homa. Mstari mwekundu shingoni, juu ya njia yake,
kama mtu aliyepita na kalamu.
Wakautoa wote. Maji yakashukia nje,
kwenye mfuko uliotundikwa kando ya kitanda,
na muuguzi Noella akapima kimo chake kwa rula:
ukishuka mno, kichwa kinakauka na utosi unabonyea;
ukipanda, kinajaa.
Hilo hakuna aliyehitaji kunifundisha.
Presha ni kimo.
Siku kumi na saba nililinda mfuko ule
kuliko nilivyowahi kulinda mshahara.

Kitanda cha pili alikuwepo mvulana wa Shabunda,
siku nne njiani mgongoni mwa shangazi.
Asubuhi moja shuka lake lilikuwa limekunjwa vizuri.

Jirani wa juu alisema mtoto analipa deni la ukoo.
Siku hiyo nilikuwa chini ya sinki lake.
Nati ya mwisho nikaikaza nusu.
Bado linadondoka. Sijarudi.

Sasa ana mpira wa tatu, na miaka mitatu.
Anatembea akishika kuta.
Daktari hakuniahidi kitu: utaziba, au utakuwa mfupi
yeye akirefuka, au utatulia; tutaona.
Nimewahi kuwaambia wateja maneno hayohayo
nikifunga mfuko wangu, nikihesabu faranga zao.
Sikujua yanavyosikika
mtu akiwa upande wa pili wa mlango.

Jana jioni maji yalikatika mtaa mzima.
Nilimwaga spana sakafuni nizipanguse mafuta.
Nsimire akachagua ndogo kuliko zote, namba nane,
akaiweka nyuma ya sikio, palepale penye uvimbe,
akanigeuzia shingo.
"Papa," akasema, "kaza."

Cherehani ya Cibalonza ikasimama katikati ya mshono.