Dakika ya Kumi na Tisa

Saa nane usiku, Barabara ya Jogoo.
Tumeegesha kando ya kituo cha petroli
ambacho taa yake hupepesa kama mtu anayepigana na usingizi.
Mwangangi amelaza kiti, kofia usoni.
Mimi nina simu yenye ufa, bando la usiku,
na sikio moja tu la masomo.
La pili ni la redio.

Leseni yangu inaisha mwezi ujao.
Nimebakisha alama sita,
na alama hazitolewi kwa kumshusha mtu ngazi za orofa ya tano
Umoja, mgongo ukilia, lifti ikiwa ni tundu tu ukutani.
Hutolewa kwa kukaa, kutazama hadi mwisho,
kujibu maswali matano.
Basi nimekaa.

Bi Nyaboke alirekodiwa mwaka juzi,
mbele ya pazia la kijani.
Kila nikimfungua anakunywa maji pale pale.
"Mama akivuja damu baada ya kuzaa," anasema,
"usianze kutafuta maajabu. Tafuta mkono wako."
Nyuma yake kiti kinakwaruza sakafu,
mtu anakohoa mara mbili.
Namjua huyo. Ni Mureithi.
Siku hizi yuko Doha, analipwa vizuri, hapigi simu,
ila kikohozi chake kimebaki darasani
na hakijachelewa hata siku moja.

Dakika ya kumi na tisa, redio inaita:
Kayole, nyuma ya soko, jengo la buluu, mtoto ameshatoka.
Nabonyeza.
Bi Nyaboke anaganda, kidole hewani,
neno likiwa kwenye ncha ya ulimi.
Ufunguo umegeuka kabla macho ya Mwangangi hayajafunguka.

Usiku hakuna jengo la buluu. Yote ni meusi.
Tunafuata kilio.
Mtoto yumo ndani ya leso, analia kama anayedai chenji yake;
huyo hana neno.
Aliye kimya ni mama.
"Anaitwa Kageha," jirani anasema,
na godoro limekunywa kuliko inavyostahili.

Kondo limetoka zima. Chini ya kitovu
mji wa mimba uko laini, unga uliozidiwa na maji.
Nasugua. Kageha, niangalie. Nasugua.
Hapa hakuna kitufe.
Hapa hurudishi nyuma sekunde kumi
uone kidole gumba kilikaa wapi.
Sindano pajani, mtoto kifuani, dripu mkononi mwa Mwangangi
anayehesabu matone kwa Kikamba bila kujua.
Nasugua,
mpaka kitu kinakaza chini ya kiganja,
ngumi iliyokumbuka kazi yake.

Pumwani, saa kumi kasorobo.
Muuguzi wa zamu anaandika muda. Haulizi nilisomea wapi.

Tumerudi pale pale. Taa imekata tamaa.
Nabonyeza, na Bi Nyaboke anamalizia sentensi yake:
"...na ukishakaza, msiondoe mkono mkashangilia.
Hulegea tena. Kaeni nao."

Nilikaa nao?
Nakumbuka matuta, kila moja likipita kiganjani mwangu.
Nakumbuka pia Donholm, redio ikiuliza tuko wapi,
na mkono wangu, huu wa kulia, ukiinuka kuijibu.
Sekunde ngapi?
Napiga Pumwani. Simu inaita mpaka inachoka.

Maswali matano. Nimepata manne.
"Umepita?" Mwangangi anauliza kutoka chini ya kofia.
"Nimepita."
"Mbona umenuna?"
Namweleza Donholm.
Hasemi kitu. Anaketi, anarudisha kiti wima,
anaiongeza redio sauti na kuivutia upande wake.
"Rudia hapo," anasema,
"na usikilize kwa masikio yote mawili.
Hii niachie mimi."