Damu Nzito

Huku Potosí hewa ni haba kama mshahara,
na damu za watu huwa nzito ili zikamate pumzi.
Nayra aliyasoma hayo usiku,
miguu ndani ya ndoo ya maji baridi, asisinzie.

Mama alitaka awe mwalimu.
"Kazi gani hiyo, kuchungulia mikojo ya watu?"
Baba, mchimba bati, alikohoa tu.

Leo zamu ya kwanza. Koti bado lina mikunjo ya dukani.
Mashine inazunguka, inanung'unika, inatulia.
Anainua mrija, mwembamba kama unyasi,
anasoma: sitini na tisa.
Pima tena kabla ya kuogopa, walifundishwa.
Anapima.
Sitini na tisa.

Kwenye lebo: Mamani, F.
Akina Mamani ni wengi mjini hapa,
ila tarehe hii ya kuzaliwa
ndiyo siku yao ya supu ya karanga.

Damu nzito kuliko maji, watu husema,
bila kupima.

Anaandika tarakimu. Wino hautetemeki.
Ananyosha mkono kwa mrija unaofuata;
foleni haina undugu.

Nje, kwenye benchi, mtu anakohoa.
Anaujua mkohoo ule.