Kufuli Jekundu

Ghala, saa mbili asubuhi, mwezi wa sita.
Chumba hiki kilikuwa stoo ya mazulia,
bado kinanuka gundi.
Tumekaa kumi na tisa kwenye viti vya plastiki,
mafundi wa viyoyozi, wa mabomba, wa lifti,
na Rofikul wa kuosha vioo
ambaye kila aingiapo hukaa karibu na mlango,
hata msikitini.

Mimi nimekuja kusinzia.
Miaka kumi na mmoja nashika waya, Muheza mpaka Maskati,
na vidole vyangu vyote ninavyo, njoo uvihesabu.
Mafunzo ya usalama kwangu ni chai ya bure,
sambusa mbili
na cheti cha kumtuliza mkubwa.

Mwalimu ni Bi Raiya.
Mikono ya abaya ameikunja, mguuni viatu vya chuma.
Anasema Kiarabu, anageukia Kihindi,
Kiingereza anakitupia katikati kama skrubu zilizobaki.
Kisha ananiona kichwa kinanidondoka,
na kwa Kiswahili cha Unguja,
kilichokaa kabatini miaka mingi bila kuliwa na nondo,
ananiambia:
"Kaka, umeme haupigi hodi.
Wala haukuulizi uzoefu."

Usingizi ukanikimbia.

Akafungua sanduku. Makufuli mekundu,
kila moja na ufunguo wake, wa akiba hakuna.
"Hili halilindi mali.
Linafunga swichi,
na upande wa pili wa swichi kuna mtu."

Akanyamaza. Kiyoyozi kikakoroma juu yetu.

"Palikuwa na jengo Al Khuwair, ghorofa saba, mwezi wa nane.
Fundi alizima umeme, akabandika karatasi: usiwashe.
Aliiandika kwa Kimalayalam, kwa haraka, akapanda darini.
Joto likalegeza gundi.
Karatasi ikalala sakafuni, uso chini.
Ghorofa ya nne wakapiga simu, kuna mjamzito, joto.
Ghorofa ya tano wakapiga, joto.
Msimamizi wa jengo akashuka, akaona swichi imelala,
akadhani imeanguka yenyewe,
akaiinua kwa kidole hiki."

Akakionyesha. Kilikuwa chake.

Alisimulia kwa lugha nne,
na mara zote nne kidole kilikuwa kilekile.
Rofikul akavuta kiti chake, akaja mbele.

Kwetu husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Pale nikavishwa kinga ya jicho, kinga ya sikio, kinga ya mkono,
ili usiwake.
Zima. Funga. Andika jina.
Pima.
Halafu kipime na kipimio chenyewe, nacho huongopa.
Nikashika kalamu ya wino mzito: SEMKIWA.
Mkono ulitetemeka, sifichi.
Jina langu sikuwahi kuliona kwenye kitu cha kampuni
ila kwenye makato ya mshahara.

Cheti kilichelewa wiki mbili, na wamekosea tahajia.
Sambusa zilikuwa za viazi.

Leo saa kumi, jua limeachia kidogo,
niko juu ya paa, bati linachoma hata soli.
Simu inalia. Ni Biju, toka chini:
ghorofa ya sita wanafoka, mwenye nyumba anafoka,
swichi ina kufuli, nani kafunga, fungua!

"Soma jina," nikamwambia.

Kimya. Nasikia pumzi yake na kelele za watu nyuma.
Kisha analisoma polepole, silabi kwa silabi,
Se-m-ki-wa,
kama mtoto anayeitwa darasani.

"Basi huyo," nikasema, "bado yuko kazini."

Ufunguo uko kifuani, ndani ya fulana, umelowa jasho.
Nikapima. Sifuri.
Nikakipima kipimio. Nikarudi, nikapima tena.
Sifuri.

Ndipo nikashika.